Miaka Saba Kabla ya Sundiata Kusimama

Kaeni vizuri, wanangu. Wa nyuma sogeeni mbele. Leo nina hadithi, ila nitakuwa naikata njiani. Kila tutakapofika penye fundo nitasimama niwaonyeshe msimulizi alivyolifunga. Nafanya hivyo kwa sababu wengi wenu mmeanza kuandika hadithi zenu za majini, mazimwi na majoka yarukayo, na mmenipa nizisome. Ndani yake nimemkuta ajuza kipofu anayetabiri mambo, mchawi kibyongo anayekula watoto, na mvulana asiyetembea ambaye ukurasa wa mwisho anaamka amepona. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie.

Zamani, katika nchi ya Manding huko Afrika Magharibi, alitawala mfalme Maghan Kon Fatta. Mwindaji mmoja mwenye kujua kupiga bao alimwambia kwamba mrithi wake mkuu atazaliwa na mwanamke mwenye sura mbaya, na kwamba atakapoletewa asimkatae. Siku zikapita, wakaja wawindaji wawili na binti aitwaye Sogolon. Alikuwa kibyongo, na watu wa mjini walicheka chini kwa chini. Mfalme akamwoa.

Sogolon akazaa mtoto wa kiume, ndiye Sundiata. Wenzake wa rika wakaanza kusimama dede, yeye kakaa. Wenzake wakaanza kukimbia, yeye anatambaa. Ikafika miaka saba. Mke mkubwa wa mfalme, Sassouma Bereté, alikuwa na mwanawe aliyetaka arithi kiti, na kila alipomwona Sundiata chini moyo wake ulifurahi.

Siku moja Sogolon aliishiwa majani ya mbuyu. Sisi huku mbuyu twaujua zaidi kwa ubuyu wa kumung'unya, lakini wao hupika majani yake kuwa mchuzi. Akaenda kwa mke mwenzake kuomba kidogo. Sassouma akampa, na juu ya majani akamwongezea matusi: mwanangu mimi ndiye anichumiaye, wako yuko wapi? Sogolon akarudi analia. Sundiata akamuuliza kilichompata, akajua, kisha akaagiza wahunzi wamfulie fimbo ya chuma nzito kupita zote. Ikaletwa. Akaishika kwa mikono miwili, akajiinua, magoti yakatetemeka, chuma kikapinda kama upinde, na mtoto akasimama. Akaenda hadi kwenye mbuyu, akaung'oa mzima mzima na kuutupa mlangoni pa mama yake. Majani sasa yatachumwa pale pale, na Sassouma akitaka, aje aombe.

Mtu huyo alikuja kuwa mwanzilishi wa dola ya Mali. Alimshinda mfalme mchawi Soumaoro Kanté katika vita vya Kirina, yapata mwaka 1235. Habari zake zimehifadhiwa vinywani mwa wasimulizi wa jadi ambao kwao huitwa jeli, na mwaka 1960 mwanahistoria Djibril Tamsir Niane wa Guinea alichapisha kitabu kutokana na masimulizi ya jeli mmoja, Mamadou Kouyaté.

Nakata hapa.

Najua mlipopiga makofi: pale aliposimama. Kila mtu hupiga makofi pale. Sasa niulize: ile miaka saba ilikwendaje? Nani alimbeba jua lilipokuwa kali? Alicheza na nani? Msimulizi anaipita mbio, isipokuwa jambo moja ambalo watu husahau. Mfalme alipokaribia kufa alimwita Sundiata, angali anatambaa, akamkabidhi jeli, Balla Fasséké, awe mwalimu wake wa historia ya mababu na sheria za nchi. Kumpa mtoto jeli ni kumpa ufalme. Basi Sundiata alikabidhiwa ufalme akiwa amekaa chini, kabla ya chuma, kabla ya mbuyu. Baba yake hakungoja miguu.

Na kuna namna nyingine ya kusimulia. Huko Gambia, jeli aitwaye Bamba Suso aliisimulia hivi: fimbo za chuma zilimshinda, akaitwa mama yake, na mtoto akaweka mkono begani pa Sogolon ndipo akainuka. Mimi naipenda hiyo zaidi. Chuma kinatupa shujaa wa ajabu, lakini bega la mama linatupa mtu ambaye twaweza kukutana naye njiani.

Halafu mtazameni Sogolon mwenyewe. Kibyongo chake hakinyooki. Hakuna jini anayekuja kukigusa wala dawa inayotafutwa. Baada ya mumewe kufa anawachukua watoto na kukimbia nao uhamishoni, mji hata mji, miaka mingi, akipokewa kwa wema hapa na kwa hila kule, mpaka anafia Mema kabla mwanawe hajarudi kutwaa kiti. Hadithi nzima inaegemea mgongo huo, na hakuna anayeuombea unyooke. Mkitaka kujifunza namna ya kumwandika mtu mwenye ulemavu katika nchi ya uchawi, mwacheni Sundiata kidogo, mkamtazame mama yake.

Maana tatizo la uchawi ni hili: unaweza kila kitu. Katika hadithi ya mtaani kwenu, mtu asiyeona anabaki haoni mpaka mwisho, mwandishi apende asipende. Katika hadithi ya majini, mwandishi ana pete ya ajabu mfukoni, na mkono unamwasha. Anaona heri aitumie. Katika *Alfu Lela Ulela* yumo mfalme kijana ambaye mkewe mchawi alimgeuza jiwe kuanzia kiunoni kwenda chini. Yumo ndani ya jumba lake peke yake, analia, na hadithi inasubiri afunguliwe. Anafunguliwa. Mimi sina ugomvi na hadithi hiyo, kwa kuwa jiwe lile lilikuwa uchawi, na uchawi kuondolewa ni haki. Ugomvi wangu ni na mwandishi anayemchukua mtoto aliyezaliwa na miguu isiyombeba, akamwandika kana kwamba naye ni nusu jiwe, kana kwamba maisha yake hayajaanza na yataanza siku ya kupona.

Msomaji aliyekaa kwenye kitimwendo anaisoma hadithi hiyo pia. Ya kwanza anaona mtu kama yeye, anafurahi. Anafika mwisho: mtu huyo amesimama. Anachukua ya pili: amesimama. Ya tatu, amesimama na kuolewa na mtoto wa sultani. Hata mtoto mdogo ataelewa anachoambiwa, kwamba katika nchi nzuri hakuna watu kama yeye. Na huku kwetu jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu bado kuna nyumba ambazo mtoto mwenye ulemavu husemwa karogwa, au amebeba laana ya ukoo, akafichwa chumba cha uani wageni wanapokuja. Ukiandika kwamba ulemavu ni laana iliyoondoshwa na shujaa, unawapa watu wa nyumba hiyo maneno ya kusema. Huo ndio mtego wa kwanza.

Mtego wa pili ni mwovu mwenye ulemavu. Huu ni mwepesi kuuona, basi tuupite haraka. J. M. Barrie wa Scotland alimpa Peter Pan adui mwenye kulabu badala ya mkono, Kapteni Hook, katika tamthilia ya mwaka 1904. Baada yake maharamia wengi wamekuwa na kulabu, kitambaa cha jicho au mguu wa mti, mpaka msanii akitaka kutuambia kwamba mtu huyu ni mbaya anachora kovu tu, kazi imekwisha. Ni uvivu. Ubaya unatoka katika yale mtu anayoyataka na yale anayokubali kuyafanya ili ayapate.

Lakini ngojeni kidogo, yuko haramia mmoja ambaye siwezi kumpita. Babu zenu walimsoma kwa Kiswahili katika *Kisiwa Chenye Hazina*: Long John Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja. Kitabu hicho, cha mwaka 1883, si cha uchawi, na Silver ni mwongo na muuaji. Hata hivyo Robert Louis Stevenson alimjua mtu wa kweli, rafiki yake mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa mifupa, na alimwandikia Henley mwenyewe kukiri kwamba Silver alitoka kwake. Ndiyo maana Silver anatembea kweli. Melini analifunga gongo lake kwa kamba shingoni ili mikono ibaki huru. Akipika, bahari ikichafuka, anaichomeka ncha ya gongo kwenye ukuta wa mbao, anajiegemeza, na kuendelea na sufuria yake kama mtu aliye nchi kavu. Wamemfungia kamba mahali palipo wazi sana ili apite kwa kushika. Kila mara ninaposoma sehemu hiyo najua mwandishi alikaa akatazama. Silver ni mwovu na ana mguu mmoja, lakini hayo ni mambo mawili mbalimbali ndani ya mtu mmoja. Henley mwenyewe nadhani angestahili mhusika mwema, ila hilo ni shauri lao marafiki wawili.

Mtego wa tatu ni mtamu, na ndio unaowanasa wengi wenu. Mwandishi anampa kipofu uwezo wa kuona kwa uchawi, halafu anasema ameandika juu ya kipofu. Hajaandika. Amefuta alichoandika.

Mtaniuliza, vipi kuhusu Toph? Vizuri, tumtazame Toph. Katika katuni ya Kimarekani *Avatar: The Last Airbender*, iliyorushwa kati ya 2005 na 2008, yumo binti wa miaka kumi na miwili, Toph Beifong, kipofu tangu kuzaliwa, mwenye nguvu ya kuitawala ardhi na mawe. Anasikia mtikisiko wa ardhi kwa nyayo, hivyo anajua mtu amesimama wapi, hata moyo wake unavyodunda. Mtasema, si huyo anaona tayari? Waandishi wake walikuwa waangalifu hapo. Nguvu ile ina mipaka, nayo inaheshimiwa kila mara. Akipanda mnyama arukaye, hajui chochote kilicho mbele yake, kwa kuwa hana ardhi chini. Jangwani mchanga unatikisika ovyo, mambo yote yanakuwa ukungu. Kwenye barafu anaogopa kupiga hatua, akitumbukia majini hajui kuogelea. Akipewa tangazo lenye picha na maandishi, lazima asomewe, na akitaka kuwaandikia wazazi wake barua lazima aombe mwenzake ashike kalamu, ombi linalomgharimu kwa sababu ana kiburi. Na ana mdomo! Anawatania wenzake kwa upofu wake, nao wanajisahau na kumwonyesha vitu.

Jambo zuri kupita yote kwa Toph liko nyumbani kwao. Wazazi wake ni matajiri, na wamemficha. Watu wa mji hawajui kama wana mtoto. Kwao yeye ni yai. Kumbe usiku anatoroka na kwenda kupigana mieleka na wanaume wazima na kuwashinda wote. Kwa hiyo kinachomzuia Toph ni woga wa baba yake na lango lenye walinzi, wala si macho. Mwandishi aliyefika hapo amejua anachokiandika, na nina hakika wako wasomaji wangu wanaolijua lango hilo.

Sasa nije kwa jambo gumu. Mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliandika *Akata Witch* mwaka 2011. Shujaa wake ni Sunny, msichana mwenye ualbino. Anapenda mpira wa miguu lakini jua linamuunguza, basi hucheza usiku. Baadaye anagundua kwamba ni miongoni mwa watu wenye uganga, na kati yao kile ambacho walimwengu hukiita kasoro ndicho kinachohusiana na kipaji cha mtu: rafiki yake Orlu, ambaye herufi humchanganya akisoma, ana kipaji cha kufumua uchawi wa wengine. Okorafor anajua anachosema. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaamka hawezi kutembea, na kitandani hospitalini ndiko alikoanza kuandika hadithi. Alijifunza kutembea upya.

Nakipenda kitabu hicho. Lakini baada ya Sunny kuingizwa katika uganga, jua linaacha kumdhuru, anacheza mpira mchana. Hapo nilikunja uso. Wako watoto wengi wenye ualbino huku kwetu ambao jua halitawaacha. Wao wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, na losheni. Pale Moshi hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, kwa ajili yao hasa, kwa sababu saratani ya ngozi huwaua mapema. Mimi ningependa kumwona msichana mganga ambaye kabla ya kwenda kupambana na zimwi anajipaka losheni masikioni, na akisahau, anaungua.

Na kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa kwa sababu waganga wadanganyifu walisema viungo vyao vinaleta utajiri. Hiyo nayo ilikuwa hadithi. Mtu aliitunga, wengine wakaisadiki, watoto wakafa. Kwa hiyo ukiwa mwandishi wa Mwanza au Shinyanga, usiandike kwamba damu ya mtu mwenye ualbino inang'aa gizani au nywele zake zinafungua hazina. Mwandishi wa London anaweza kudhani ni ubunifu tu. Wewe huna ruhusa ya kudhani hivyo. Mpe uchawi wake kama unavyompa mhusika mwingine yeyote: alijifunza, alirithi kwa bibi yake, aliokota pete. Usiuweke katika ngozi.

Kama mnataka mfano wa mtu na si wa kitabu, katika ukoo wa Keita, ambao huhesabu nasaba yake mpaka kwa Sundiata, alizaliwa mwaka 1949 huko Djoliba nchini Mali mtoto mwenye ualbino, Salif Keita. Kwa mila, mtoto wa ukoo wa kifalme haimbi. Kuimba ni kazi ya majeli. Akaimba, na dunia ikamsikia. Mwaka 2009 alitoa albamu aliyoiita *La Différence*, ikizungumzia ualbino.

Haya, tushike kalamu. Tuseme unaandika juu ya zimwi linalovuta watu msituni kwa wimbo, na shujaa wako ni binti kiziwi, Mwanaidi. Wazo la kwanza litakujia haraka: zimwi haliwezi kumvuta kwa sababu hasikii. Limechekesha, lichukue, lakini usiishie hapo, la sivyo umemgeuza Mwanaidi kuwa ufunguo wa mlango mmoja. Endelea kuuliza. Anazungumzaje na kaka yake? Kwa lugha ya alama, ambayo Kenya imeiweka katika Katiba ya mwaka 2010 kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Je, moto ukizimika usiku, wakawa hawaonani mikono, wanaambianaje kwamba zimwi limekaribia? Labda kwa kuandikiana kiganjani kwa kidole. Kaka amejifunza lugha hiyo vizuri, au ni mvivu anayejua maneno ya chakula tu? Wanakijiji wakikutana kupanga vita, nani anamfasiria, na anaacha nini? Anaudhiwa na nini? Anachekeshwa na nini? Anampenda nani? Unaona hadithi inavyonona. Zimwi lenyewe sasa tumelisahau.

Vifaa navyo vina habari zao. Katika filamu *How to Train Your Dragon* ya mwaka 2010, joka limepoteza nusu ya pezi la mkia, na kijana Hiccup analiundia pezi la bandia. Lakini pezi hilo haliendi lenyewe. Lazima Hiccup akae juu ya joka na kulisogeza pezi kwa mguu. Mwisho wa filamu Hiccup naye amepoteza mguu, anaamka na kuukuta wa chuma, na hakuna anayeuotesha ule wa nyama. Wanaruka pamoja vivyo hivyo. Basi ukimpa mhusika kitimwendo, niambie nani alikichonga, gurudumu likitoboka linazibwa wapi, na kasri la sultani lina ngazi ngapi. Usiniambie kinaelea hewani. Kama sultani ana majini arobaini wa kumjengea kasri kwa usiku mmoja na hakuna hata mmoja aliyeweka njia ya mteremko mlangoni, hilo nalo ni jambo la kusimulia juu ya sultani huyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita ana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Hesabuni dawati lenu na la mbele yake. Katika jeshi la mashujaa thelathini la hadithi yako, watano wangekuwamo, na wasingekuwa wote vipofu wenye kutabiri.

Mkimaliza kuandika, kabla ya kumpelekea mwalimu, mpelekeeni mtu anayeishi na hali mliyoiandika. Kama haoni na hamna maandishi ya nukta nundu, msomeeni kwa sauti, polepole, bila kuruka. Muulizeni ni wapi mmedanganya. Atawaambia. Kisha mkafute, mwandike upya, mniletee.